Kengele Shingoni mwa Clemensi

Ukifika leo kwenye loji yetu, ile iliyo juu ya mji wa Karatu karibu na ukingo wa msitu wa Ngorongoro, atakayekutembeza bustanini ni Clemensi. Atakukaribisha kwa Kiingereza kilichonyooka, atakuonyesha mibuni, atakuonyesha tembo walipovunja ua wakaja kula ndizi, nawe utacheka pale unapotakiwa kucheka. Wageni wakirudi kwao huandika mtandaoni kwamba wamekutana na mtu mwenye furaha kuliko wote. Mimi ndiye ninayefua mashuka ya hao wageni, na kila nikisomewa maneno hayo natamani kuwatandikia mashuka mabichi. Mtu huyo mwenye furaha, ukitoka naye nje ya geti jioni, utadhani ni bubu.

Naitwa Laurencia. Mdomo wangu umeshanifukuzisha kazi huko nyuma na bado sijajifunza kuufunga, kwa hiyo kama unatafuta msimulizi mpole, tafuta mwingine. Habari za Clemensi nazisimulia mimi kwa sababu yeye hazisimulii, na wengine wanaozijua wanaogopa kibarua kuota nyasi.

Clemensi ni mtu wa kijiji cha Buger, Mwiraqw kama mimi, mtoto wa kwanza wa Bi Katarina. Alikuja pale wakati loji ingali uwanja wa mibigili na mavi ya ng'ombe, akiwa kibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo. Ujenzi ulipokwisha wengine walilipwa wakaenda zao, yeye akabaki, akaomba jembe. Kila mti unaotoa kivuli pale aliupanda yeye, na kila ua ambalo mgeni hulipiga picha limepita kwenye vidole vyake. Mke wake alifariki mapema na watoto hawakujaliwa, kwa hiyo mapenzi yake aliyagawa sehemu mbili tu: ile bustani, na mama yake.

Na alikuwa mtu wa maneno. Kantini ya wafanyakazi ilijaa akiingia. Angekusimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyoingia kanisani siku ya Matawi akala matawi, na ungemwonea huruma mbuzi na padri kwa pamoja. Kwao Buger wazee walikuwa wakimwita kwenye slufay, ile dua ndefu ya Kiiraqw ambayo mmoja hunena na wengine huitikia, ingawa umri wake ulikuwa bado haujafika. Walimwita kwa sababu maneno yalimtii. Hata maua aliyasemesha. Asubuhi ukipita na kapu la nguo ulimsikia akiligombeza waridi kwa Kiiraqw kwamba limezidi kulala, ukafika kwenye mabeseni yako unacheka peke yako.

Basi loji ikauzwa. Tajiri mpya akaleta meneja mpya, mtu mwenye viatu visivyolijua vumbi letu, akatukusanya akasema wageni wa siku hizi wanataka kuzungumza na mfanyakazi yeyote wanayekutana naye, awe jikoni, awe getini, awe bustanini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, na mwenyeji akaambiwa ajue Kiingereza kabla ya msimu wa wageni kuanza, la sivyo awapishe wengine. Upande wa bustani neno lilikuwa bayana zaidi: watabaki wachache, na mmoja wao ndiye atakayewatembeza wageni. Clemensi aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa moyo, anameza vidonge kila siku, na vidonge hivyo vilitoka kwenye mshahara wa bustani. Hilo kila mtu kantini alilijua. Clemensi akikosa kazi, Bi Katarina anakosa dawa.

Kutufundisha aliletwa Marsela. Naye ni Mwiraqw, amezaliwa Karatu hapa hapa, alikuwa akifundisha sekondari moja ya binafsi mpaka ilipofungwa. Sitamsingizia: kufundisha alijua. Ubao wake ulisomeka, alifika mapema, na hakumdharau mtu kwa kutojua. Lakini alikuwa na imani moja juu ya watu wazima, kwamba mtu mzima hajifunzi kwa kusifiwa, anajifunza kwa kuaibika. Alituambia hivyo siku ya kwanza, kwa upole kabisa, kama muuguzi anayekuambia sindano itauma kidogo.

Siku ya pili akaomba kengele. Pale mapokezi ilikuwa imetundikwa kengele ya chuma ya ng'ombe, pambo lililonunuliwa kwa wafugaji wa Olbalbal. Waliopita shule zetu wanaujua mchezo wenyewe. Shuleni huwa ni kibao au mfupa, anavishwa mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani, na Marsela aliuleta kwa watu wenye mvi. Ukisema Kiswahili, Kiiraqw au Kimasai ndani ya geti, unavishwa kengele. Unakula nayo, unafanya nayo kazi, mpaka umkamate mwenzako akiteleza umvishe yeye. Atakayekutwa nayo Jumamosi atapandishwa juu ya benchi la kantini mbele ya wote, na atakayepandishwa mara ya tatu safari yake imeishia hapo. Meneja alifurahi sana, akasema huo ndio ubunifu anaoutaka.

Wa kwanza kuvishwa alikuwa Sairowua, askari wa getini, Mmasai wa huko huko Olbalbal ilikotoka kengele. Kosa lake lilikuwa kumsalimu ndugu yake aliyepita barabarani na punda. Marsela mwenyewe ndiye aliyemvisha. Sairowua aliishika ile kengele shingoni mwake, akaigeuza, akaitazama vizuri.

"Mwalimu," akamwambia, na alisema kwa Kiswahili makusudi, "hii huvaa ng'ombe anayeongoza wenzake. Mimi hapa namwongoza nani?"

Akaivua, akaiweka mezani taratibu, akachukua rungu na shuka lake akaondoka. Olbalbal maji hufuatwa kwa mwendo wa kutwa nzima na ng'ombe wake ni wachache waliokonda, lakini alikuwa na mahali pa kurudi akiwa mtu. Wengi wetu hatukuwa napo, kwa hiyo tulibaki.

Marsela akamchagua Benson awe kiranja wa kengele. Benson ni mhudumu wa mezani, kijana wa mjini, Kiingereza amekijua tangu zamani, na kwake jambo lote lilikuwa burudani. Kengele ikikosa shingo ilikaa mkononi mwake. Aliizuia ulimi kwa kidole isilie, akanyata nyuma ya mabanda, nyuma ya jiko, nyuma ya kamba zangu za nguo, akisubiri mtu apige chafya kwa Kiswahili. Alimvisha mpishi aliyeungua mafuta. Alimvisha mama wa usafi aliyekuwa akiomba rozari kwa sauti ya chini. Watu walianza kukwepana. Marafiki wa miaka walipishana njiani wakitazama ardhi, maana rafiki ndiye anayekujua vizuri na ndiye atakayejua akuchokoze vipi uteleze. Usidhani tulikuwa tunajifunza Kiingereza kwa kasi. Tulichojifunza kwa kasi ni kunyamaza. Loji ilitulia mpaka ukasikia majani ya migomba, na meneja akasema wageni wanaupenda sana utulivu huo.

Clemensi alivishwa kwa sababu ya waridi. Benson alimsikia akilisemesha. Nilidhani Marsela angecheka na kusamehe, kwa kuwa sheria ilikuwa juu ya kusemezana watu, lakini alisema lugha ni lugha. Sasa mwenzangu, dawa ya kengele ni kumvizia mwingine, na Clemensi alikataa kumvizia mtu. Alizunguka nayo bustanini, ikilia kila alipoinama, mpaka wageni wakaanza kumpiga picha. Jumamosi akapanda benchi. Alitakiwa aeleze kwa Kiingereza yeye ni nani na kwa nini amevaa kengele, akashindwa sentensi ya pili, na watu wakacheka, kwa sababu anayecheka ndiye ambaye hajavaa.

Mara ya pili alijipiga nyundo kwenye kidole gumba akitengeneza ua, akamwita mama yake kwa Kiiraqw, aayo. Benson alikuwa upande wa pili wa ua. Clemensi akavaa, akapanda benchi tena, na safari hii sentensi zote alizisema, maana alikuwa amekesha nazo. Hakuna aliyecheka sana. Lakini sasa alibakiwa na kosa moja tu, na kila mtu alilijua, na Benson ndiye aliyelijua kuliko wote.

Kuanzia hapo yule mtu wa maneno alijifunga mdomo. Maua aliyamwagilia kimya. Kantini alikula akitazama sahani. Nilimfuata siku moja nje ya geti tulipotoka kazini, nikamwambia aachane na hawa watu, arudi Buger alime ngano. Akaniambia shamba lao ni dogo, Sabina analilima lote na halitoshi. Sabina ni dada yake, alirudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, ndiye aliyekuwa akimtunza mama. Akaniambia atavumilia mpaka apate ile kazi ya kutembeza wageni. "Mama ameze dawa zake, Laurencia," akasema. "Mimi nitaongea nikizeeka."

Shida ilikuwa simu. Bi Katarina hakujua kusoma, hakujua Kiingereza, na Kiswahili alikijua cha sokoni tu, lakini alikuwa na kisimu cha vitufe na Sabina alimfundisha kitufe kimoja. Ukikibonyeza hicho, Clemensi anapokea. Alikibonyeza kila siku jua likiwa utosini, kumwuliza mwanawe kama amekula. Zamani Clemensi alipokea akitembea kwenye mibuni, na wote wawili walicheka kiasi kwamba ulijua ni mama yake. Baada ya kengele, alimwomba Sabina amkataze mama kupiga mchana. Bi Katarina akasema sawa, na kesho yake akapiga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, huwezi kuuwekea saa. Clemensi akawa anaiacha simu iite, halafu jioni anapiga mwenyewe akiwa barabarani.

Siku yenyewe darasa lilikuwa kantini baada ya chakula cha mchana, kama kawaida. Juma hilo Marsela alikuwa akitufundisha mazungumzo ya simu. Unamsalimu aliyepiga, unataja jina lako, unamwuliza umsaidie nini, unamshukuru kwa kupiga, unamtakia siku njema. Na unayasema hayo kwa sauti ya hoteli, ile inayopitia puani na kupanda mwishoni, ambayo Marsela alitufanyisha mazoezi mpaka tukafanana wote. Simu ya Clemensi ikaita. Akaikata. Ikaita tena, akaikata. Ilipoita mara nyingine Marsela akatabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba Mungu ametuletea zoezi. Apokee, na aweke sauti ya nje tusikie wote.

Clemensi akatikisa kichwa. Akasema kwa Kiingereza kwamba ni mama. Marsela akamjibu kwamba hata mama anastahili Kiingereza kizuri. Benson akainuka kitini, akaja akasimama nyuma ya Clemensi na kengele mkononi.

Akapokea, na sauti ya Bi Katarina ikajaa kantini. Alisema Kiiraqw, kwa pumzi za mtu aliyepanda mlima.

"Clemensi. Mwanangu, kifua kimenibana leo. Sabina yuko shambani."

Tuliokuwa Wairaqw mle ndani tulisikia kila neno. Marsela alisikia kila neno. Lugha ile amenyonyeshwa nayo, na kama alikuwa na nafasi ya kusema basi, imetosha, toka nje ukaongee na mama yako, nafasi ilikuwa hiyo. Alichofanya ni kumwashiria Clemensi kwa chaki aendelee.

Clemensi aliitazama simu. Benson akaisogeza kengele karibu na sikio lake, akaitikisa kidogo sana. Najua alichowaza, kwa sababu aliniambia baadaye: neno moja la Kiiraqw, na mama hana dawa tena. Ndipo akasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya puani:

"Habari za mchana. Hapa ni Clemensi. Nikusaidie nini?"

Kisha mama akauliza, "Wewe ni nani?"

Clemensi akarudia vile vile, kwa utaratibu ule ule.

"Nipe mwanangu," Bi Katarina akasema. "Mwanangu yuko wapi? Mmemfanya nini mwanangu?"

Hapo nikashindwa. Nikasimama nikasema kwa Kiiraqw, kwa sauti ya kusikika, "Clemensi, huyo ni mama yako, mjibu." Kabla sijafunga mdomo kengele ilikuwa shingoni mwangu, na katika kelele zake nilimsikia Clemensi akimalizia zoezi mpaka mwisho. Alimshukuru mama yake kwa kupiga simu. Alimtakia siku njema. Akakata.

Marsela akapiga makofi. Akasema huyu ndiye mfano, huyu hakuyumba hata alipojaribiwa, na akawaambia wengine wapige makofi, wakapiga. Kisha akamshika mkono akampeleka kwa meneja muda ule ule. Wakamwita Clemensi mtembeza wageni, wakambandika beji kifuani, wakampiga picha mbele ya waridi lake. Pichani anatabasamu, kwa sababu aliambiwa atabasamu. Walipomwachia alikwenda nyuma ya banda la pampu ya maji akaanza kupiga simu Buger. Nilikuwa nafua karibu yake na kengele yangu shingoni, na nilimwona akipiga na kupiga. Iliita bila kupokelewa mpaka chaji ikamwishia. Nikamwambia kwamba Bi Katarina amelala, asiwe na wasiwasi, kesho atamwelezea na watacheka.

Asubuhi yake Thomasi, katekista wa kule kwao, ndiye aliyempigia. Mama alikuwa amefariki jana yake, jua likielekea kuzama.

Loji ilitoa gari la kutupeleka mazishini. Meneja alituma shada la maua yaliyokatwa kwenye bustani ya Clemensi mwenyewe, na Marsela alikuja nasi, amejifunga kanga nyeusi. Tulipofika Buger uwanja ulikuwa umejaa. Nilimtazama Marsela akipita kwenye mstari wa wamama wazee, mmoja mmoja, akiinama na kuwasalimu kwa Kiiraqw safi, saita, saita, poleni na msiba. Nje ya geti lugha yote ilikuwa imemrudia. Wale bibi walimshika mikono wakambariki, na mimi nilitamani ile kengele ningekuja nayo.

Nikaenda jikoni kumsaidia Sabina. Alikuwa akichambua maharage ya makande ya waombolezaji, macho yamevimba, mikono inafanya kazi yenyewe. Nikakaa nikachambua naye. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua:

"Dada Laurencia, wewe unafanya kazi na kaka. Yule mzungu anayeshika simu yake ni nani?"

Nikamwuliza mzungu gani, ingawa nilishajua.

Akanieleza. Siku ile alirudi kutoka shambani jua limepungua makali, akamkuta mama amekaa chini sakafuni, amejifunga kanga kiunoni kama mfiwa, analia kwa sauti ndogo kwa sababu pumzi ilikuwa haitoshi. Simu ameitumbukiza kwenye pipa la mahindi na kulifunika kwa ungo, isije ikaita tena. Mama akamwambia Clemensi amekufa.

"Nikamwambia si kweli, mama, umeota. Akasema hapana, amempigia, kapokea mzungu. Mzungu akalitaja jina la Clemensi mara mbili, halafu akashukuru akakata. Akasema ndivyo wanavyotoa taarifa mtu wao akifa kazini." Sabina alitupa haragwe bovu pembeni. "Nikataka kuitoa simu nimpigie kaka amsikie, akanishika mkono, hataki kumsikia yule mtu tena. Nikamletea dawa zake za jioni, akazikataa. Akaniuliza, dawa za nini? Nilikuwa nazimeza ili anione akija. Nikatoka mbio kutafuta bodaboda nimpeleke hospitali, na niliporudi nayo alikuwa ameshakwenda. Amekufa anamlilia mtu aliye hai, dada. Kwa hiyo nataka nimjue huyo mzungu. Nimwulize tu alimwambia mama yangu nini."

Nikainua macho, na Clemensi alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa kuni. Sijui alisimama pale tangu neno gani, lakini uso wake ulitosha. Aliinama akaziweka kuni chini kijiti kwa kijiti, akizipanga, kama vile mtu angekuja kuzikagua. Sabina akamwambia kaka, keti unywe chai. Akageuka akatoka.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, mahali unapoliona shamba la ngano lote likiteremka. Thomasi aliongoza sala, jeneza likashushwa, na wimbo ukaisha. Kisha Thomasi akamwita mtoto wa kwanza atupe udongo na kumuaga mama yake. Niliona wazee wa Buger wakisogea mbele, wale waliozoea kumwitikia kwenye slufay. Walijua maneno ya Clemensi, na walikuja karibu ili waitikie vizuri. Alikuwa amekaa majuma mengi hajanena Kiiraqw mbele ya watu, na kama kulikuwa na mahali pa kuufungua mdomo wake, palikuwa pale.

Alisimama ukingoni mwa kaburi na udongo mkononi. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiingereza. Kwa ile sauti ya puani, inayopanda mwishoni, alisema habari za mchana, hapa ni Clemensi, nikusaidie nini. Alisema asante kwa kupiga simu. Alisema uwe na siku njema. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja karibu yangu akasema uchungu umempanda kichwani, mshikeni. Marsela alikuwa nyuma yangu, na sikugeuka kumtazama, maana ningemrushia neno ambalo halisemwi makaburini.

Sabina alikuwa amenyanyua kichwa. Alikuwa anamtazama kaka yake, na niliona anaanza kuelewa.

Clemensi akapiga magoti. Mkono wenye udongo ulikuwa bado umefumbwa. Akainamia shimo kama anavyoinamia mche mchanga, na akasema kwa Kiiraqw, polepole, kwa sauti yake mwenyewe:

"Aayo, yule mzungu ni mimi."

Sabina alirudi nyuma akaenda kusimama upande wa pili wa kaburi. Wazee walikuwa wamejiweka tayari kuitikia, na hakuna hata mmoja aliyejua aitikie nini.